Picha Isiyohitaji Mkalimani

Palikuwa na Nungunungu aliyechora kwa miba yake mwenyewe, na wanyama wote wadogo walitundika picha zake majumbani. Siku moja Korongo, mhakiki aliyeogopwa na wachoraji, akaja kuitazama mojawapo: kanga amewafunika vifaranga wake mvuani.

"Hii si sanaa," akasema. "Hata Panya ameielewa. Sasa mimi nitamweleza nini?"

"Kumbe kosa la picha yangu ni kukunyima kazi," Nungunungu akajibu.

Korongo akageuka aondoke, lakini miguu ikagoma. Akarudi kuitazama mpaka macho yakamlowa. "Marehemu mama alikuwa akinifunika hivyohivyo," akasema kwa sauti ya chini.

Nungunungu akasimamisha miba yake yote kwa fahari. "Na hilo, bwana mhakiki, hukuelezwa na yeyote."