Makofi Mawili Kwenye Buti

Giza lilikuwa linaingia, na mkunga ameketi ndani ya gari, mguu kwenye breki, akisubiri makofi mawili.

Kila alipokwenda zamu ya usiku, mumewe alitoka na kandambili zake, akasimama nyuma ya gari kukagua taa za breki. Ya kulia ikiwaka, alipiga buti kofi moja. Ya kushoto ikiwaka, la pili. Kisha alipaza sauti: "Nenda, mke wangu, hata dereva anayesinzia atakuona!"

Sasa ni mwezi wa pili tangu wamzike, na hii ndiyo zamu yake ya kwanza tangu hapo. Mguu ulikanyaga breki wenyewe, kwa mazoea. Mkunga akajicheka, machozi yakimlengalenga. Nani angempigia?

Mlango wa nyumba ukalia. Kwenye kioo akamwona binti yake, ambaye hajafungua kinywa tangu siku ya mazishi, anakuja akiburuta kandambili za baba yake zinazompwaya. Akazunguka nyuma ya gari.

Kofi moja likatua kwenye buti.

Mkunga akasubiri la pili. Akaikaza breki mpaka goti likauma. Halikuja.

Binti akasogea dirishani, kiganja kimejaa vumbi.

"Ya kushoto haiwaki, mama." Sauti ilimtoka kwa kukwaruza, kama kitasa kilichokaa bila kufunguliwa. "Huondoki hivi. Zima gari, nikakuletee balbu."

Mkunga akazima gari. Lakini mguu haukutaka kutoka kwenye breki.