Ng'ombe Hali Vitenge

Mchinjaji alipopasua tumbo kubwa la ng'ombe wangu, lile linalotunza majani mpaka yarudi mdomoni kucheuliwa, kisu kilinasa.

"Ndiyo maana alikonda, mama," alisema. "Alishiba vitu visivyosagika."

Akavuta. Ikatoka mifuko ya plastiki, ikatoka kamba, halafu bonge la nguo lililosokotana, zito kama mtoto mchanga. Nilikuwa nimesimama kwenye sakafu ya machinjio ya Nyakato tangu alfajiri na miguu imevimba, kwa hiyo nilikaa juu ya ndoo, nikaanza kulifungua taratibu.

Nguo ilikuwa imegeuka rangi ya kinyesi. Lakini pindo lilikuwa zima, na ule uzi mwekundu niliolishonea kwa mkono wangu.

Kitenge changu cha kanisani, kilichopotea mwaka jana.

Siku ile Kabula, mke wa mwanangu, aliniambia, "Mama, ng'ombe alikuwa anazunguka pale kwenye kamba ya kuanikia."

Nikamjibu, "Ng'ombe anakula majani, hali vitenge. Mwizi nakaa naye ndani."

Nilimfungia mizigo mwenyewe. Akapanda basi stendi ya Buzuruga kurudi kwao Magu, mjukuu wangu mgongoni, na hakuaga.

Nilikikunja kile kitenge, nikakitia kwenye kikapu.

"Kioshe kwanza, mama," mchinjaji alisema. "Kinanuka."

"Kinuke hivyo hivyo," nikasema. "Basi la Magu linaondoka saa ngapi?"