Supu Ng'ambo ya Barabara

Tangu wafike katika mji ule wa ugenini, Bi Mashavu na mumewe, Bwana Khatibu, walikuwa wakila biskuti walizobeba kutoka nyumbani. Bwana Khatibu aliogopa kila kitu: chakula kingewaumiza tumbo, wauzaji wangewapunja, na wakitoka nje wangepotea.

"Tumekuja kutembea, mume wangu, au tumekuja kujifungia?" aliuliza Bi Mashavu asubuhi ile.

"Kesho tutatoka, inshallah."

"Hata jana ulisema kesho."

Alijitanda mtandio wake, akashuka ngazi peke yake. Ng'ambo ya barabara, mkabala na hoteli, mama mmoja alikuwa akiuza supu ya samaki. Bi Mashavu hakujua hata salamu ya huko. Aliketi mezani pamoja na wateja wengine, akaonyesha kwa kidole bakuli la jirani yake. Muuzaji alitabasamu, akamletea supu, kisha akamkamulia ndimu kwa mkono wake, kama anayempokea mgeni nyumbani kwake.

Supu ilikuwa ya moto, tamu, na pilipili yake si mchezo. Machozi yalimtoka Bi Mashavu, akacheka, na wenzake mezani wakacheka naye.

Alipoinua uso, alimwona mumewe amesimama mlangoni pa hoteli, amevaa viatu, akiyatazama magari yanavyopita. Hakumwita. Alivuta kigoda kitupu, akakiweka karibu yake, kisha akamwonyesha muuzaji kwa ishara kwamba anataka bakuli jingine.

Bwana Khatibu alishusha mguu mmoja barabarani.