Mnyama Alipanda Basi la Saa Nne

Basi la saa nne asubuhi lilikuwa limeshawasha injini pale kituoni, chini ya jumba la kale, Mnyama alipopanda akiwa bado na pembe zake. Dereva aliyatazama manyoya, meno, na zile kucha zilizomkabidhi nauli, akamrudishia chenji. Abiria saba wakageukia madirishani kuhesabu miti. Ufini mtu akipanda basi na pembe, hayo ni mambo yake.

Huku nyuma, kwenye ngazi za jumba, Reinhold alikuwa anapiga kelele. Huyu ndiye mwongozaji wa filamu, Mjerumani mwenye skafu, aliyeichukua ile hadithi ya watoto ya binti anayempenda dubwana akaamua kuitia giza. Giza hasa: kunguru, majeneza, mawaridi yaliyopakwa rangi nyeusi. Na kwa akili zake nyingi akaja kulitafuta giza hilo Ufini, mwezi Juni, wakati jua halina habari ya kulala. Ikabidi madirisha sitini na manne yafunikwe vitambaa vyeusi, watu wakajikwaa humo ndani wiki sita nzima.

"Uso wangu!" alilia. "Mnyama ameondoka na uso wangu!"

"Mwache aende nao," alisema Sylvi, mpambaji wa nyuso za waigizaji. "Wewe unao mwingine, japo haufikii ule."

Kwenye mabango, Mnyama alikuwa Roope, kijana mwenye kidevu maarufu. Lakini kuubandika ule uso kulichukua saa tano, na Roope alivumilia siku moja tu. Mkataba ukaandikwa upya: yeye atafanya busu na sauti, mengine yote afanye mtu mwingine. Reinhold akatoa tangazo: anatakiwa mtu mrefu sana, asiyesema, asiyeogopa farasi. Sylvi ndiye aliyempokea huyo mtu na kumpaka gundi, na hakuna mwingine aliyeuliza kuna nini chini yake. Alifika kabla ya wenzake, akaondoka baada yao. Zamu ya wanaume ya kuoga mvuke ikifika, hayumo. Wakasema gundi haipatani na mvuke. Wiki sita hakutamka neno. Kwingine angepelekwa kwa daktari. Kule walimwona mtu mwenye adabu.

Inkeri, aliyeigiza binti, ndiye aliyemzoea. Kazi ya filamu ni kungoja, na katika kungoja mtu husema. Alianza kwa kulalamikia viatu, akaishia kwa mama yake, dereva wa lori la magogo huko Kainuu, aliyeachana naye kwa ugomvi alipokuwa na miaka kumi na saba. Mama alisema uigizaji ni kulipwa kwa kudanganya.

"Mchezo wangu wa kwanza nilimwekea kiti, mstari wa mbele," alimwambia Mnyama. "Niliigiza mwanzo mpaka mwisho nakitazama kile kiti. Kitupu. Nikimwona hata leo, nageuka naenda zangu."

Siku hiyo Sylvi alibandika upya manyoya ya chini ya macho ya Mnyama mara tatu, kila mara yamelowa. Naye Mnyama akanyoosha kucha, akaanza kumsuka Inkeri nywele, misuko miwili iliyokaza.

"Jamani, dubwana limesomea saluni!" mafundi wa taa wakacheka.

Basi ikajulikana kikosi kizima kwamba binti amezama penzini. Magazeti yalikuwa yameshamwoza kwa Roope, lakini magazeti hayasuki nywele. Siku ya mwisho, picha ya mwisho ilipokwisha, Inkeri akaketi mlangoni pa chumba cha Sylvi.

"Sibanduki hapa mpaka nimwone alivyo," alisema.

Ndiyo maana Mnyama alitoroka kwa kupitia dirishani, uso ungali umebandikwa.

Sasa Inkeri alikuja mbio, pindo la gauni lake jeusi la harusi mkononi, akasimama mbele ya basi. Nyuma yake Roope alikuwa ndani ya gari lake jekundu, akipiga honi.

"Inkeri, achana na hilo zulia! Mnyama ni mimi, hata bango linasema!"

"Wewe ni busu tu, Roope. Tena tulilirudia mara kumi na nne."

Akapanda ndani. "Vua," alimwambia Mnyama.

Mnyama akatikisa pembe.

"Basi niambie jina."

Akatikisa tena.

"Bibie, unapanda au unashuka?" dereva aliuliza. "Nina ratiba mimi."

Bibi mmoja mwenye kikapu cha viazi alimnong'oneza jirani yake kwamba siku hizi watu wanaongea hovyo ndani ya mabasi.

Inkeri aliinama mpaka pua yake ikakaribia ile ya manyoya. "Nitakuwekea kiti siku filamu itakapoonyeshwa Helsinki. Mstari wa mbele, katikati. Uje bila uso huo. Yeyote utakayekuwa, sitageuka."

Akashuka. Basi likaenda zake, likiwa limechelewa dakika mbili, na dereva akaziandika.

Filamu ilionyeshwa Novemba, saa kumi jioni, giza likiwa limejaa mji mzima bure, bila kitambaa hata kimoja. Wakosoaji waliandika kwamba hawakuona kitu. Reinhold akashukuru, akidhani ni sifa. Roope alimwoa daktari wake wa meno. Sylvi alifungua duka la mawigi Turku. Dereva wa basi alistaafu na hakumsimulia mtu. Ule uso ulirudi kwa posta, umeoshwa na kuchanwa vizuri.

Kiti cha katikati, mstari wa mbele, kilikaa wazi mpaka taa zikaanza kufifia. Ndipo akaingia dereva wa lori la magogo, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, akainama mlangoni kama mtu ambaye bado ana pembe, akakikalia. Inkeri alimtazama mama yake, na hakugeuka.