Pingili Moja Moja

"Mzee Shomari, fidia yako uipokee yote leo, au kidogo kila mwezi maisha yako yote?" wakili aliuliza.

"Chukua yote, kaka, tununue lori," alinong'ona Kibwana, mdogo wake, aliyekuwa akimhudumia tangu mashine ya kiwandani imkate mguu.

Shomari alimkumbuka mama yao, walipotoka naye sokoni utotoni. Muwa ulikuwa mmoja tu. Aliumenya huku akitembea, akiwapa pingili moja moja, wakafika nyumbani midomo ingali mitamu.

"Kila mwezi," alisema.

"Utapokea mpaka uwe kibogoyo."

"Hata kibogoyo hula, Kibwana."

Kibwana aliinama, akamfunga kaka yake kamba ya kiatu, kile kimoja, taratibu, kama anayefunga viwili.