Hadi Kumi

Mshuza alikwisha kutandika godoro kwenye tela la pikipiki, amrudishe mama yake nyumbani kutoka hospitali, fundi Sikudhani alipoilegeza nati moja ya gurudumu la tela kuikagua. Akaizungusha kwa vidole, akihesabu mizunguko kwa sauti. Kwenye tatu ikadondoka; ilikuwa imeshika ncha tu ya boliti.

"Nani kafunga spesa nene hivi juu ya boliti fupi?"

"Mimi. Gurudumu lilikuwa likikwaruza bodi, nikalisogeza nje kwa hiyo spesa."

"Basi mteremkoni lingekutangulia, bwana fundi!"

Mshuza aliinama, akamshikia gurudumu. Sikudhani akaweka boliti ndefu, akahesabu mizunguko ya kila nati hadi kumi ili ishike barabara, akakaza.

"Mungu akuweke, dada," alisema Mshuza.

Wakitoka hospitali, mteremkoni alishuka taratibu, akimsikia mama, aliyekwisha kumsimulia habari ya nati, nyuma yake akihesabu mizunguko ya gurudumu: nane, tisa, kumi, kumi na moja…