Luz Hajui Kuimba

“Hapo umeharibu,” Metrine alisema, akampokonya Luz mwiko aliokuwa ameushika kama kipaza sauti. “Ukiimba hivyo, Madam atatushtukia mara moja. Kam Yuk-lan huipandisha sauti mpaka juu. Wewe unaikwaruza tu.”

Luz alijaribu tena huku akimenya vitunguu. Ikawa mbaya zaidi.

“Khalas, usiimbe. Ukipiga pasi, guna-guna kidogo tu, kama mtu anayeficha jambo.”

Uongo ule ulikuwa mali ya Metrine mwenyewe, mpishi wa nyumba hiyo, na aliutunga Jumatatu kabla chai haijachemka. Kam Yuk-lan, mwimbaji wa Kikantoni kutoka Hong Kong, alikuwa anakuja kutumbuiza Dubai Jumamosi. Madam na Sir walialikwa viti vya mbele kabisa na Wachina wanaomuuzia Sir vigae. Metrine akamsaka mwimbaji huyo kwenye simu, na kila picha aliyoipata ilikuwa ya uso uliopakwa rangi nyeupe na nyekundu, hata usingejua pua yake imekaaje.

Alisoma kwamba mama yake Kam alikuwa mtumishi wa ndani, kwamba yeye alianza kwa kuimba harusini, akawa nyota, kisha akaanza kuwasemea wafanyakazi, na redio za kwao zikaacha kupiga nyimbo zake. Tangu hapo huzunguka miji ya watu. Na kila mji, juma moja kabla ya onyesho, huvaa sare na kujichanganya na wafanyakazi. Mara yuko sokoni anapara samaki, mara anafagia stesheni. Halafu jukwaani husimulia alikuwa kwa nani na alitendewaje.

Metrine aliiweka simu chini akacheka peke yake. Juma lile lile, ofisi ya wakala kule Oud Metha ilikuwa imemleta Luz, Mfilipino, ashike nafasi ya Precious aliyekwenda likizo ya juma moja. Luz alisema aliwahi kufanya kazi Hong Kong miaka tisa, na Kikantoni anakijua. Tena mtaa mzima wa Mirdif, nani humtazama usoni Mfilipino aliyevaa sare? Madam angeamini kwamba Luz ndiye Kam, na angeogopa kutajwa jukwaani.

Alichokitaka Metrine kilikuwa Jumapili moja tu. Dada yake, Rebecca, alikuwa akifanya kazi kwenye shamba huko Hatta, na Jumatatu angerudi Bungoma moja kwa moja. Miaka miwili walikuwa Dubai hiyo hiyo na hawajaonana, kwa sababu kila Metrine alipoomba siku, Madam alijibu “inshallah” na siku haikuja. Jambo hilo lilimuuma kuliko kazi yenyewe.

“Ni hii Sunday ama basi,” Rebecca alimwambia kwa simu. “Mama akiniuliza unakaa aje siku hizi, nimshow picha ya WhatsApp?”

Luz alipoelezwa mpango, kisu kilimteleza, akajikata kidole. Metrine alichana leso yake kuukuu ya maua ya manjano akamfunga.

“Nani amekuambia mimi ni Kam Yuk-lan?” Luz aliuliza kwa sauti ndogo.

“Hakuna. Ndiyo maana ikaitwa uongo.”

Luz akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Jumanne Metrine alimpelekea Madam kahawa na umbea pamoja. “Madam, sitaki matata. Lakini huyu Luz nimemsikia kwenye simu, anaongea Kichina, mambo ya jukwaa.” Madam alimfukuza kwa mkono. Jumatano Madam aliiona mwenyewe video ya mwimbaji akimtaja jukwaani tajiri mmoja wa kiwanda, mkewe akijifunika uso kwa pochi. Kuanzia hapo mambo yakageuka. Kiyoyozi cha chumba cha wafanyakazi, kilichokufa tangu Ramadhani, kikapata fundi. Madam akaosha kikombe chake mwenyewe. “Luz habibti, umekula?” akawa anauliza kutwa mara tano.

Alhamisi akamwita Metrine. “Jumapili nenda kwa dada yako. Dereva atakupeleka.” Inshallah haikutajwa. Metrine alikwenda kulia stoo, katikati ya magunia ya mchele.

Luz alimaliza juma lake, akaaga, akaondoka Ijumaa asubuhi na begi dogo. Kisha Madam akazusha jipya. “Kesho twende wote. Utakaa karibu yangu, watu wakuone ulivyonawiri.”

Ndipo Metrine alipokumbuka alichokisahau. Kam Yuk-lan angetaja alikokuwa. Angesema hoteli fulani, au duka fulani la nguo, na Madam angegeuka kumtupia jicho moja tu. Jumapili ingeyeyuka, na pengine kazi pia. Rebecca angepanda ndege bila kukumbatiwa.

Jumamosi alasiri alikaa kiti cha mbele, kando ya Madam. Kam Yuk-lan alitoka na rangi zake usoni na joho refu la hariri, akafungua kinywa, sauti ikapanda mpaka darini. Hata mtoto angejua kwamba yule si Luz. Madam alikunja uso. Metrine alianza kutunga maneno ya kuomba msamaha.

Wimbo ulikwisha. Mwimbaji akasogea ukingoni.

“Juma hili nilikuwa jikoni, Mirdif,” alisema.

Mirdif ina majiko mengi, Metrine alijiambia, akafumba macho.

“Mpishi wa pale aliniambia kwamba siwezi kuimba kama Kam Yuk-lan.”

Metrine alifumbua macho. Jukwaani, kidole kilichofungwa kitambaa cha maua ya manjano kilikuwa kinamnyooshea yeye, na mwenye kidole alikuwa anaguna-guna, kama mtu anayeficha jambo.